Habari ya Kumpa Mkwe

Mimi kwa kawaida natembea haraka, kwa hiyo siku nilizoonekana kituoni natembea polepole, watumishi wenzangu walikuwa wanatafuta kona za kujificha. Manesi vijana walishanitengenezea utani: "Sista akija kwa mwendo wa bibi harusi, ujue kuna mtu wake." Nilikuwa nawasikia na kuwaacha. Kusema kweli hawakukosea. Nikitembea polepole nilikuwa napanga maneno.

Kazi niliyoajiriwa ni ukunga. Kituo chetu cha afya kiko pembeni mwa barabara ya kutoka Kahama kwenda Runzewe, mahali ambapo makundi ya ng'ombe na malori ya mawe ya dhahabu yanagombania njia, na nimezalisha hapo watoto ambao leo nao wananiletea wake zao. Lakini miaka hii ya karibuni niliongezewa jukumu jingine ambalo hakuna aliyeligombania. Mgonjwa akigundulika ana ugonjwa wa kuambukiza, mimi ndiye niliyepaswa kuwatafuta watumishi waliomhudumia, mmoja mmoja, niwaambie. Dereva wa gari la wagonjwa aliyemsaidia kukaa mtu anayekohoa damu, mama anayefua mashuka, nesi aliyejichoma sindano. Kwetu kazi hiyo haikosekani. Wachimbaji wanatoka kwenye maduara, yale mashimo yao marefu, na vifua vimeshachoka kwa vumbi la mawe, na kifua kikuu kinawafuata mpaka mlangoni kwetu.

Nilikuwa na utaratibu wangu. Siongei koridoni. Siongei mbele ya mtu wa tatu. Sianzi na pole, kwa sababu ukianza na pole mtu anaacha kukusikia palepale, anabaki anasikia moyo wake. Naanza na kinachofanyika: dawa ni hii, inaanza leo, kipimo kitarudiwa wakati fulani. Ugonjwa wenyewe nautaja katikati, kwa sauti ileile. Nikimaliza, sitaki kuona mtu ananinunia, maana si mimi niliyemleta mgonjwa. Nina hasira za karibu, hilo hata mapadri wa hapa wanalijua.

Nikajiona nimeiweza hiyo kazi. Mpaka zamu ikamfikia mkwe wangu.

Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, aliolewa na tabibu. Nilifurahi, sitaki kudanganya. Nilikuwa nimeshafiwa na mume na nilitaka kumwona binti yangu mikononi mwa mtu mtulivu. Walikuwa wanakaa mbali, nami nikawa naishi na furaha yangu kwa amani. Kisha asubuhi moja, kwenye kikao cha wafanyakazi, mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, akatutangazia kwamba tumeletewa tabibu mpya, na mkwe wangu akaingia mlangoni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Yeye naye alisimama kama aliyekanyaga moto, akatazama dari, akasema "Shikamooni" kwa watu wote, ili asilazimike kunisalimia mimi.

Kwa sisi Wasukuma, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawazoeani. Si uadui, ni heshima. Hamshikani mikono, hamli pamoja, hamtazamani usoni, na mkikutana njiani mmoja anapisha. Likiwapo jambo zito kati yenu linapitia kwa mtu mwingine, mjomba au baba mdogo. Na kuna mambo ambayo hayapitii kwa mtu yeyote, mambo ya mwili na ya chumbani. Hayo mama mkwe hayajui, na mkwe anajifanya hana. Wapo watu wa mjini walioyaacha haya. Mimi sijayaacha, na mkwe wangu, pamoja na chuo chake chote, alikuwa ameyashika kuliko mimi.

Tulijitengenezea sheria bila kuzisema. Ndani ya geti la kituo, mimi nikiwa kwenye gauni langu jeupe na yeye kwenye koti lake, tulikuwa Sista na Daktari. Tuliongea habari za wagonjwa tu, tumesimama bega kwa bega na kutazama upande mmoja, kwa kawaida kitanda cha mgonjwa. Kitu cha kunipa alikiweka mezani, nami nikakichukua mezani. Nikitoka getini najitanda kitenge na kuchukua upande wa pili wa barabara. Wazee wa Kisukuma waliolazwa walikuwa wakituona wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Mganga mfawidhi yeye alikuwa mtu wa Tanga, mwenye maneno matamu na mkarimu, na jambo hilo lilimkosesha raha. Siku moja aliniita ofisini akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, nyinyi wawili mna ugomvi?" Nilimweleza. Akasema ameelewa.

Basi Ijumaa moja alasiri aliletwa mchimbaji wa makamo, ambaye mkono wake ulikuwa umenaswa na mkanda wa karasha, ile mashine ya kusagia mawe. Alikuwa amelewa gongo na alikuwa anawatukana wote waliomgusa. Mkwe wangu ndiye aliyemshona. Katikati ya kushona mgonjwa akaushtua mkono, na sindano ikapita kwenye glovu ikaingia kwenye kidole cha mkwe wangu. Mimi nilikuwa chumba cha kuzalishia. Nilisimuliwa na nesi aliyekuwa anamsaidia. Alinawa kwa sabuni chini ya bomba kama inavyotakiwa, akavaa glovu mpya, akarudi kumalizia. Jioni maabara walimpima yeye, akawa salama. Mgonjwa hakuweza kupimwa maana hakuwa na akili za kukubali wala kukataa. Ilitakiwa mkwe wangu aanze dawa za kinga palepale bila kumsubiri mtu. Akasema, "Tusubiri apate fahamu, huenda hana kitu," akavua koti akaenda nyumbani. Angekuwa mtumishi mwingine ningemfuata hadi kwake na dawa na kikombe cha maji. Huyu nilimwangalia akitoka getini, nikamwacha.

Asubuhi yake pombe ilikuwa imemtoka yule mchimbaji, na aibu imemwingia. Alikubali kupimwa. Alikuwa na virusi vya UKIMWI. Alishaanzishiwa dawa zamani huko Geita, akaziacha alipohama duara. Nilimwomba ruhusa ya kumweleza aliyemshona. Akasema, "Mwambieni upesi, Sista. Yule alinishona huku namtukana mama yake."

Dawa za kinga zina saa sabini na mbili tangu mtu ajichome, na kadiri unavyochelewa ndivyo zinavyopungua nguvu. Hilo nilikuwa nimelisema mara nyingi hadi nalisema usingizini. Lakini nilipokaa peke yangu siku hiyo sikuwa nafikiria saa. Nilikuwa namfikiria binti yangu, ambaye tumbo lake la kwanza lilikuwa na miezi minane. Niliogopa. Niliogopa kama mama yeyote, na elimu yangu yote haikunisaidia kitu.

Nilimfuata mganga mfawidhi. Nikamwambia hii naomba uipeleke wewe, mimi kwa mkwe wangu haipiti. Akakubali bila maswali. Akachukua simu, na kwa kuwa alijua mambo haya hayasemwi kwenye simu, akasema hivi, namsikia: "Daktari, mama mkwe wako anakutafuta. Ana jambo na wewe, tena kubwa. Njoo haraka." Akakata. Kisha akanigeukia akiwa na uso wa mtu aliyefanya kazi safi. "Sikutaja kitu, Sista. Siri iko palepale."

"Daktari," nikamwambia, "umeniua."

Maskini, hakuelewa. Kwetu mama mkwe akimtuma mtu amwite mkwe, na kusema ni jambo kubwa, hiyo ni kesi. Na kesi ilikuwapo. Kwa desturi yetu binti anakuja kujifungua mtoto wa kwanza kwa mama yake, na mkwe wangu alikuwa amekataa, akitaka mkewe abaki kwake. Nilikuwa nimeudhika, na niliporudisha vyombo walivyoniletea chakula, nilivirudisha vitupu, bila hata kiganja cha mchele ndani. Ujumbe huo kwetu unasomeka vizuri sana. Kwa hiyo aliposikia ninamwita, mkwe wangu hakuwa na shaka ninamwitia nini.

Nilisubiri. Saa nne, saa tano. Mwishoni nikapiga moyo konde nikampigia mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Akapokea binti yangu. Simu yake ilikuwa imeingia maji, na mumewe alikuwa amemwachia ya kwake ili uchungu ukimshika aweze kuita pikipiki.

"Ameenda Maganzo," akasema. "Ameenda kumchukua baba yake mdogo. Alivyopigiwa simu kwamba unamwita aliondoka palepale, mama. Hata chai hakunywa."

Maganzo si jirani. Unapita Kahama, unapita Shinyanga mjini, ndipo unafika kwa wachimba almasi. Huyo baba yake mdogo alikuwa na kishimo chake huko, na akiwa shimoni simu yake haipatikani. Binti yangu alinipa namba, nikapiga mpaka kidole kikauma. Haipatikani.

Alasiri binti yangu akaja mwenyewe kwa bodaboda, na tumbo lile. Sikumkaribisha hata kukaa, nilianza kumfokea kwa kupanda pikipiki. Naye hakukaa. Alisimama mlangoni akashika kiuno.

"Mama, kwa ajili ya mahali pa kuzalia tu uniharibie ndoa?"

"Nani ameharibu ndoa?"

"Sasa umemwitia nini?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa fupi na lingemnyamazisha palepale. Lakini habari ile haikuwa yake wala haikuwa yangu. Ilikuwa ya mfanyakazi mwenzangu ambaye mwenyewe alikuwa hajaijua. Nimewafundisha manesi wangapi kwamba mke haambiwi, mume haambiwi, mama haambiwi, mpaka mwenyewe aseme? Nikasema, "Ni mambo ya kazi."

"Mambo ya kazi hayaitiwi mkwe kupitia mtu wa tatu."

Alikuwa sahihi. Nilikaa kimya, na kimya changu akakihesabu kuwa ndiyo. Aliondoka bila kuniaga, nami nikabaki nimekasirika. Nilimkasirikia yeye, mfawidhi, Tanga yote kwa jumla, na yule mwanamume aliyepanda basi kwenda kumtafuta msemaji badala ya kuja kituoni kama mtumishi wa serikali.

Walifika Jumapili, watu wakitoka kanisani. Baba mdogo alikuwa mtu mfupi mwenye koti zito la suti, amelivaa kwenye jua lile kwa ajili yangu, na jogoo kwapani. Mkwe wangu alikuwa nyuma yake, kichwa chini. Niliwawekea viti chini ya kivuli cha nyumba, nami nikakaa kwenye kizingiti cha mlango nimejitanda, uso nimeugeuzia ndani, kama inavyotakiwa.

"Mwangaluka, mayu," akaanza, yaani umeamkaje, mama.

"Mwangaluka, baba."

Tukaulizana ng'ombe, mvua, dengu, waliokufa na waliozaliwa. Huwezi kuruka hapo. Kisha akaingia kwenye shauri. Akasema wamekuja kunyenyekea. Akasema vijana wa siku hizi wamesomea magonjwa, hawakusomea ukwe. Akasimulia jinsi yeye mwenyewe alivyowahi kumkosea mama mkwe wake, kisa kirefu chenye fahali aliyepotea na kurudi. Siku nyingine ningekifurahia. Alikuwa msimulizi hodari. Lakini mimi nilikuwa natazama kivuli cha nyumba kikisogea kwenye miguu ya viti vyao, na kila alipomeza mate nilidhani amemaliza, kumbe anavuta pumzi.

Ningemwambia nini? Mbele ya huyo baba mdogo sikuweza kusema. Kumwita mkwe wangu pembeni, sisi wawili peke yetu nyumbani kwangu, huyo mzee angeanguka na jogoo wake.

Nikainuka nikaingia ndani. Nikavua kitenge, nikavaa gauni langu jeupe, nikafunga mkanda, nikavaa viatu vya kazini. Nikatoka kwa mlango uleule nikasimama wima.

"Daktari," nikasema, "kituoni kuna kazi. Tunahitajika sasa hivi."

Akainuka kabla sijamaliza. Nadhani hata angekuwa amelala angeinuka. Baba mdogo alibaki mdomo wazi. Nilimwambia kuna michembe ya viazi jikoni ajihudumie, tunarudi. Kila mtu akapanda bodaboda yake.

Nilimpeleka kwenye chumba cha ushauri nikaweka viti viwili vikitazama dirisha. Tukakaa. Nje palikuwa na mbuzi wawili wanatafuna boksi la glovu. Nikaanza kama ninavyoanza siku zote.

"Kuna dawa hapo mezani. Unaanza leo, unakunywa kila siku mpaka ziishe, kama mwezi. Utasikia kichefuchefu, usiache. Mgonjwa uliyemshona Ijumaa amekutwa na virusi vya UKIMWI, na hatumii dawa. Wewe utapimwa tena baada ya wiki kadhaa, na mara ya mwisho baada ya miezi mitatu."

Akashusha pumzi ndefu. "Kumbe ni hilo tu," akasema, na nilisikia kabisa jinsi mwili wake ulivyolegea kwa nafuu. Alikuwa amebeba kesi ya ukwe tangu Maganzo. Ilichukua muda kidogo habari yenyewe kumwingia. Kisha nikasikia kiti chake kikilia, akaichukua dawa mezani. Akameza. Maji yakamwagikia shatini.

Sikuwa nimemaliza. Lilikuwa limebaki moja, lile ambalo nimewaambia wanaume wengi sana, wachungaji na mashehe wamo, nikiwa na macho makavu.

"Na mkeo. Mpaka kipimo cha mwisho, hutakutana naye bila kondomu. Hata mara moja. Hata akishajifungua."

Akafunika uso kwa mikono yake yote miwili. Nami nilitazama mbuzi. Sijawahi kuwaangalia mbuzi kwa makini namna ile. Niliona aibu, sitaficha, lakini chini ya ile aibu nilikuwa nasubiri jibu lake kama mama wa yule msichana, si kama Sista.

"Mama," akasema. Ndani ya geti lile hakuwa amewahi kuniita hivyo. "Usimwambie."

"Si langu kumwambia. Ni lako. Lakini mwambie."

"Presha yake imeanza kupanda. Nimeipima mwenyewe juzi. Akijifungua salama nitamwambia."

Nilimwambia tena, kwa ukali kidogo. Akasema tena, akishajifungua. Nilijua kuhusu ile presha, na kama mkunga sikuweza kuidharau. Nikamwahidi kwamba kwangu haitatoka. Hapo ndipo nilipojifunga.

Tuliporudi, baba mdogo alikuwa amemaliza michembe. Mkwe wangu akamnong'oneza, naye akatangaza kwa sauti kwamba kijana amekubali, mkewe atakuja kujifungulia kwa mama yake. Mimi nilielewa kwa nini: ilikuwa njia yake ya kulala mbali na mkewe bila kuulizwa maswali. Baba mdogo alielewa kwamba ni kisa cha fahali kilichofanya kazi. "Wabeja, mayu," akashukuru, "wabeja sana," akaniachia jogoo, akapanda basi akiwa mshindi.

Binti yangu alikuja wiki iliyofuata. Alipanga nguo zake kimya, akala kidogo, akalala akitazama ukuta. Nilijua kinachomsumbua: alijiona ameshindwa, na mimi ndiye niliyeshinda. Niliivumilia hiyo hasira yake. Nilimpikia uji wa ulezi, nikampima presha asubuhi na jioni, nikamkanda miguu iliyovimba. Siku nyingine alikuwa ananitazama kwa muda mrefu kama mtu anayetaka kuanza jambo, kisha anauliza chumvi iko wapi. Mkwe wangu alikuja kumsalimia siku za Jumapili, amekonda kwa kutapika, akakaa nje. Kazini, nikimwekea kopo jipya la dawa mezani, alikuwa analichukua na kusema "Asante, Sista," nasi tunaendelea na mgonjwa aliyepo.

Alijifungua mikononi mwangu, mtoto wa kike, presha ikashuka yenyewe. Nilimkumbusha mkwe wangu ahadi yake. Akasema anasubiri kipimo cha mwisho, sasa kimekaribia, kwa nini ampe mama anayenyonyesha hofu ya bure. Nilimjibu vibaya. Lakini sikuvunja neno langu, na hata leo nikiulizwa na nesi kijana nitamwambia asivunje lake.

Kipimo cha mwisho kikatoka safi. Alinionyesha akiwa amesimama bega kwa bega nami, tukitazama ukuta wa maabara. Jioni hiyohiyo alikuja nyumbani akakaa na mkewe nje chini ya kivuli, akamwambia yote. Nilikuwa jikoni. Sikusikia maneno, nilisikia binti yangu akilia, kisha akicheka, kisha akilia tena. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Kesho yake asubuhi alikuwa anafunga vitu vyake arudi kwa mumewe. Nilimshika mtoto ili apate nafasi. Nilitegemea maneno ya upatanisho, nitasema kweli, hata nilikuwa nimeyaandalia jibu. Alikunja kanga mbili, tatu, ndipo akasema bila kugeuka:

"Zile dawa nilizikuta kwenye begi lake, mama. Wiki ileile, kabla sijaja hapa."

Nilimhamishia mtoto bega la pili.

"Mimi ni mtoto wa nesi. Nilizijua kabla sijasoma kopo. Nikadhani anazitumia siku zote kwa siri. Nikadhani na mimi ninao ugonjwa, na mtoto." Alikuwa anaikunja kanga ileile mara ya pili. "Nilienda Kahama, mahali ambapo hakuna anayekujua wewe. Nikapima. Wakasema sina, lakini nirudi tena, maana huenda bado haujaonekana. Ndipo nikaja kwako."

"Miezi yote hiyo?"

"Miezi yote hiyo. Kila nikimnyonyesha."

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

Akageuka akanitazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba nimeuliza jambo ambalo mtu mzima hawezi kuliuliza.

"Ningekuambiaje, mama? Ni mkwe wako."

Nimekaa na watu wengi sana wakisubiri majibu yao. Nimewatafuta, nimewawekea kiti, nimewapa maji, nimewaambia kipimo kitarudiwa lini. Mmoja alikuwa amelala chumba cha pili nyumbani kwangu, anasubiri peke yake, na mimi nikidhani amenuna.